Mto Uliofungwa

Maji meupe yalimwagika kutoka kwenye pipa, yakapita katikati ya mianzi, yakaingia mtoni na kupotea. Torika alikuwa ndani ya mto huohuo, maji yamemfika kifuani, kikapu cha kome kikielea kando yake. Aliinua macho akamwona kaka yake Apisai ukingoni, ameinama, anasuuza pipa la dawa ya kuulia magugu ya miwa. Apisai naye akamwona. Akageuza uso, na Torika akageuza wake, kwa maana ndivyo walivyolelewa: kaka na dada wakishabalehe hawasemezani wala hawatazamani usoni, na hiyo ndiyo heshima.

Heshima gani hiyo! Torika alitoka majini akiburuta kikapu chake.

Mto ulikuwa umefungwa tangu mkuu wa ukoo alipozikwa. Hakuna aliyeruhusiwa kutia mguu wala wavu mpaka siku ya kuanua matanga, ili kome wanenepe na wageni walishwe vizuri. Wanawake, ambao mto ndio shamba lao na soko la mji wa Ba ndilo linalowaletea unga na sukari, walivumilia bila kunung'unika. Walikula muhogo na samaki wa kopo. Sasa siku hiyo ilikuwa imefika na mwiko umeondolewa, kome walikuwa wakubwa kama kiganja, na vikapu vilijaa kabla jua halijawa kali.

Mwaka uliotangulia alikuja msichana mmoja wa chuo kutoka mji mkuu, Suva, jina lake Unaisi, akachukua kome kwenda kuwapima, kisha akarudi na majibu akakaa na wanawake mkekani. Kome, alisema, kazi yake ni kunywa mto kutwa kucha, na si kila anachokunywa kinachotoka. Ndani yao alikuta dawa ya magugu, sabuni za mjini, hata vidonge vya presha na kisukari ambavyo watu humeza kisha wakavikojoa. Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja akauliza kama basi aache kwenda kliniki, awe anakula kome tu. Unaisi naye alicheka, halafu akaeleza kwamba vitu hivyo ni vichache mno, havionekani wala havinuki, kuchemsha hakuviondoi, na hakuna ajuaye kwa hakika vitamfanya nini mtu vikijikusanya mwilini miaka nenda miaka rudi. Aliwasihi angalau wasichukue kome karibu na mahali pa kusuuzia mapipa. Hilo halikuwa na ugumu. Wakati huo hakuna aliyekuwa akisuuza pipa pale.

Torika alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake Salaseini, mke wa Apisai, kwa kuwa neno la kwenda kwa kaka hupitia huko. Alimkuta anakuna nazi.

"Wifi, mumeo anaosha mapipa palepale tunapozamia."

"Hata salamu hakuna? Unaniletea tope lako lote jikoni, halafu unagomba."

"Leo sina utani na wewe."

Salaseini akaweka kifuu chini. Alieleza, huku akikwepa macho, kwamba mwenye shamba la miwa anakofanya kazi Apisai alikataza mapipa yasisuuzwe kwenye mfereji wake, kwa sababu ng'ombe wake hunywa hapo. Ndipo Apisai akahamia mtoni, mara mwiko ulipowekwa, na mpaka leo hajaacha.

"Alisema mto hauna mtu," Salaseini aliongeza. "Alisema afadhali aoshe sasa, wakati nyinyi hamumo majini. Aliwafikiria nyinyi, wifi."

Maneno hayo yalimchoma Torika kuliko pipa lenyewe. Mwiko walioushika kwa tumbo tupu ndio uliompa kaka yake nafasi. Mguu wa mwanamke ungewavunjia wafu heshima, lakini sumu ilipita na hakuna aliyeona kosa. Ng'ombe wa watu walihurumiwa.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mzee alimsikiliza kwa upole, akasema wageni wameshafika na vyungu viko motoni, wasiuaibishe ukoo. Shughuli ikiisha watakaa, watakunywa yaqona, kile kinywaji cha mizizi cha barazani, wayazungumze. Torika aliyajua mazungumzo hayo. Kinywaji kitakwisha, watu watapiga miayo, na kesho yake mapipa yatarudi mtoni.

Jikoni kome walikuwa wakitokota kwenye tui la nazi, wananukia vizuri ajabu, na hilo nalo lilimuudhi. Watoto walishajipanga na sahani zao, wa Apisai wakiwa mbele. Alimwambia Salaseini asipakue. Salaseini alimtazama, akawatazama wanawe, akashusha upawa.

Torika akavuka uwanja hadi kwenye banda walimokuwa wanaume. Hakuinama mlangoni kama desturi ilivyowataka wanawake. Alikwenda akaketi mbele ya kaka yake, magoti yao karibu yagusane, na mazungumzo yakakatika.

"Apisai."

Jina hilo hakuwahi kumwita nalo tangu utotoni. Mzee mmoja akamwambia aondoke, kwa sauti ya chini, kama anayemfukuza kuku huku akiogopa kumwamsha mtoto. Hakugeuka.

"Nimekuheshimu mpaka mdomo umeota kutu," alisema. "Leo nakuuliza wewe, simuulizi mkeo. Kome wako jikoni. Niwape wanao?"

Apisai alikuwa ameukazia macho mkeka.

"Usiwape."

Alijibu upesi, bila kufikiri, na hapo Torika akaelewa kwamba jibu hilo hakulitafuta. Alikuwa nalo siku zote. Alijua, na alikuwa tayari kunyamaza.

"Na wageni je?"

Apisai akazidi kuinama.

"Basi inuka, ukawaambie mwenyewe."

Apisai aliweka mikono juu ya mapaja. Kisha akainuka. Torika hakusogeza magoti, ikabidi kaka yake amzunguke ndipo apite. Huko nje wanawake walikuwa wameshaanza kuimba, wanawakaribisha wageni kwenye chakula. Torika alibaki ameketi, akiusikiliza wimbo ule, akingoja ukatike.