Keti Ushone Kwanza

Tangazo la kuuza cherehani liliandikwa na Bi Mkasi, na ndiyo maana lilisomeka kama hati ya mashtaka. Alieleza kwamba cherehani hiyo ni ya kukanyaga kwa miguu wala haitumii umeme; kwamba meza yake ina kovu la pasi upande wa kulia; kwamba droo haifunguki mpaka ipigwe ngumi; na kwamba kichwa chake, pamoja na uzee wote huo, hakirukishi mshono. Chini yake akaweka picha tatu, moja ikiwa ya lile kovu.

"Wifi," alisema Mama Pindo baada ya kuyasoma maneno hayo kwenye simu yake, "unauza mashine au unaipeleka mahakamani?"

"Ninauza. Anayependa kudanganywa, wauzaji wengine wapo."

"Basi ungeandika na umbo langu kabisa. Kuna mwanamke mmoja, goti bovu, mdomo mzima."

"Wewe huuzwi. Nani atakubeba?"

Walikuwa wamezoea kutaniana hivyo tangu Bi Mkasi alipoolewa na kaka yake Mama Pindo, na utani huo ulikuwa umevuka misiba na miaka bila kuchuja. Chumba chao cha ushonaji kilitazama barabara: meza ya kukatia, kioo chenye ufa, magauni ya wateja yakining'inia kwenye waya, na cherehani mbili. Moja ilikuwa ya Bi Mkasi. Ya pili, ile nzito ya chuma cheusi, iliachwa na mama yake Mama Pindo, na juu ya kiti chake Mama Pindo alikuwa amejipatia jina, kwa maana hapakuwa na mtu mtaani aliyekunja pindo nyembamba na nyoofu kama yeye.

Lakini hayo yalikuwa kabla hajateleza kwenye ngazi za soko. Mfupa uliunga, goti likakataa kukunjika. Tangu hapo cherehani ile ilifunikwa shuka, na mwenyewe akahamia kwenye kigoda cha pembeni, akishona vifungo kwa mkono na kuchomoa nyuzi zilizokosewa. Ilikuwapo dukani cherehani ya umeme, nyepesi, inayokwenda kwa kubonyezwa na ncha za vidole vya mguu. Mwenye duka alikubali kuiweka kando mpaka mwisho wa wiki, wala si zaidi. Ile ya zamani ikiuzwa, Mama Pindo angerudi kazini. Isipouzwa, angebaki kuwa mtu wa vifungo.

Mnunuzi wa kwanza kupiga simu alikuwa mwanamke mmoja mshona mahema, mwenye sauti kavu kama turubai analolishona. Hakuamkia kwa urefu. Alitaka kujua cherehani ilikuwa ya nani, ilifikaje mikononi mwao, na kwa nini inauzwa ikiwa ni nzima kama wanavyodai.

"Nipigie picha ya namba iliyochongwa chini ya kichwa," aliamuru. "Na juu ya meza uweke kijiko, nijue picha ni ya sasa hivi, si ya kuokota mtandaoni."

Mama Pindo, aliyekuwa ameshika simu, alihisi damu ikimpanda. "Kijiko?"

"Kijiko. Au uma, kama kijiko huna."

"Mama, kama unatuona wezi, kanunue dukani." Akakata simu, na siku ile nzima alitembea amevimba kwa hasira.

Bi Mkasi hakumlaumu. Alisema tu, akiwa na pini mdomoni, kwamba mwenye kuuliza namba ya kichwa ni mtu anayejua kwamba kichwa kina namba.

Siku iliyofuata ukaingia ujumbe mwingine. "Bado ipo?" Mama Pindo akajibu kwamba ipo. Basi yakafuata maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mwandishi alijitambulisha kuwa ni mkurugenzi wa mradi wa kuwasaidia akina mama, yuko safarini, hana haja ya kuiona cherehani kwa kuwa anamwamini kama mama yake mzazi. Bei hakuipunguza, aliipandisha mwenyewe. Alimuuliza Mama Pindo habari za afya yake, naye, ambaye kwa muda mrefu hakuulizwa na mtu ila daktari, akamweleza habari zote za goti, ngazi, vifungo na cherehani ya umeme inayosubiri dukani. Mkurugenzi alimpa pole kwa maneno mazuri sana.

"Anapandisha bei mwenyewe?" aliuliza Bi Mkasi. "Ana homa?"

"Ana utu. Wewe ukiona utu unaita polisi."

"Atakuja kushona?"

Mama Pindo alijua swali hilo lingekuja. Marehemu mama yake alikuwa na sharti moja, na Bi Mkasi, aliyekuwa mkwe tu, ndiye aliyelishika kuliko mtoto wa kuzaa: cherehani haivuki kizingiti kabla mwenye kuichukua hajaketi na kushona. Mnunuzi hukalia kiti, huchukua kitambaa chakavu, hushona mstari kutoka ncha hadi ncha. Kisha kitambaa hukatwa vipande viwili, kila upande ukabaki na chake. Hivyo hakuna atakayesema kesho kwamba aliuziwa bovu, wala kwamba hakuuziwa.

"Yuko safarini, wifi. Anatuma dereva."

"Basi dereva ashone."

"Dereva hajui kushona!"

"Basi asubiri bosi wake arudi. Mimi sitoi mashine ya mama mkwe kwa mtu asiye na makalio ya kuiketia."

"Ni ya mama yangu!" Mama Pindo alipiga kigoda kwa kiganja. "Yangu mimi! Goti ni langu, vifungo ni vyangu, na wiki inakwisha. Umekaza uzi mpaka utakatika, Bi Mkasi, na utakatikia kwangu."

Bi Mkasi alimtazama, akakunja gauni la harusi alilokuwa amemaliza, akatoka kwenda kulipeleka kwa mteja. Hakuubamiza mlango, aliurudisha taratibu, na hilo liliuma zaidi.

Mama Pindo hakungoja. Alimwandikia Mkurugenzi: mlete dereva sasa hivi.

Gari dogo la mizigo lilisimama nje hata kabla jasho la ugomvi halijamkauka. Akashuka mwanamume wa makamo, kamba begani, akabisha hodi kwa adabu. Papo hapo simu ya Mama Pindo ikalia kwa ujumbe: malipo yamepokelewa. Kiasi kilizidi hata bei ile iliyopandishwa. Ukafuata ujumbe wa pili, wa Mkurugenzi: kilichozidi ni nauli, ampe dereva mkononi, fedha taslimu.

Moyo ulimdunda kwa furaha. Akalifungua kopo la akiba, huku dereva akiivua cherehani shuka yake na kuinama kuufungua ukanda wa gurudumu.

"Subiri," alisema Mama Pindo. "Keti ushone kwanza."

Maneno yalimtoka yenyewe. Hakuwa ameyapanga, yalikuwa yamekaa mdomoni mwake tangu utotoni kama yanavyokaa maneno ya kuitikia hodi.

Dereva alicheka. "Mimi, mama? Mimi hata kifungo hushonewa."

"Basi ngoja nimpigie mwenyewe." Aliona aibu kidogo, lakini aliona aibu kubwa zaidi kumkabili Bi Mkasi jioni bila kipande cha kitambaa. Angalau angemweleza jambo. Akapiga, akaweka sauti nje ili dereva naye asikie.

"Mkurugenzi, samahani. Ni desturi tu ya nyumba yetu. Hii mashine inakwenda kufanya kazi gani, na nani ataiketia?"

"Mama yangu, usijali kabisa!" Sauti ilikuwa tamu. "Wako mabinti wetu kwenye mradi. Kila kitu tayari, meza, taa. Umeme upo saa zote. Ikifika tu, tunaichomeka ukutani, wanaanza."

Mama Pindo aliitazama cherehani: gurudumu la chuma, ukanda wa ngozi, kikanyagio kilichong'arishwa na nyayo za mama yake. Haikuwa na waya. Haikuwahi kuwa nao. Na lile tangazo la mashtaka lilikuwa limesema hivyo katika mstari wake wa kwanza.

"Mnaichomeka," alisema polepole, "wapi hasa?"

"Ukutani, mama. Kama mashine zote."

Dereva alinyanyua kichwa chake kutoka chini ya meza, akautazama ukanda aliokuwa ameushika, akamtazama Mama Pindo.

Mama Pindo alimwomba Mkurugenzi asubiri. Akaufungua tena ule ujumbe wa malipo na safari hii akasoma si kiasi tu, bali na ulikotoka: namba ya mtu, namba ya kawaida, siyo ile inayoleta taarifa za fedha kila siku. Akaangalia salio lake. Lilikuwa lile lile la asubuhi, maskini wa Mungu, halijaongezeka chochote.

"Fedha haijaingia," alisema.

"Mtandao unachelewa. Mpe dereva mzigo na nauli yake, itaingia."

"Ikiingia nitampa."

"Mama, mimi ni mtu mkubwa. Nimeshalipa. Ukikatalia mali yangu, naleta polisi hapo."

"Walete," alisema Mama Pindo. "Viti vipo. Na wao nitawaambia waketi washone."

"Bosi," dereva aliingilia, "nauli yangu si ulisema umeshamlipa huyu mama anipe?"

"Atakupa! Chukua hicho kitu utoke nacho, wewe!"

"Nitoke nacho vipi na mwenyewe hataki? Unataka mimi ndiye niitwe mwizi mchana kweupe?" Dereva aliuachia ukanda kana kwamba umemuunguza. "Mafuta nimeweka ya kwangu, na wewe uko wapi? Hata sura yako siijui."

Hapo utamu wote ulikauka. "Sikiliza, kiwete wewe," ilisema sauti. "Nilikuwa nakuonea huruma. Utaozea hapo hapo na chuma chako, ukishona vifungo mpaka ufe. Nani mwingine atakinunua?"

Maneno hayo Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyempa, moja baada ya jingine, kwa mkono wake: goti, vifungo, yote. Sasa yalikuwa yamerudishwa yakiwa na ncha. Mama Pindo alifumba macho. Kisha akasimama. Hakutaka mkono wa dereva. Aliuburuta mguu wake mbovu hadi kwenye kiti cha mama yake, akaketi, akaunyoosha ule mguu pembeni ya meza kama mtu anayeweka fimbo kando, na mguu mzima akauweka peke yake juu ya kikanyagio. Akaurudisha ukanda kwenye gurudumu, akaipiga droo ngumi. Akatoa uzi, akatunga sindano, akatandika kitambaa chakavu, na simu akailaza karibu kabisa na gurudumu.

Akakanyaga.

Mwanzo ilikwama, ikarudi nyuma, ikakohoa. Mguu mmoja haukutosha. Paja lilimwaka moto. Akasaidia gurudumu kwa kiganja, akakanyaga tena, na chuma kile kilichonyamaza tangu ajali kikaanza kunguruma, taratibu, kisha kwa mfululizo, hata magauni kwenye waya yakatikisika.

"Unaisikia?" alisema juu ya kelele ile. "Hiyo ndiyo sauti yake. Inaitwa kazi. Isikilize vizuri, mkurugenzi, maana hutaisikia tena. Kiwete ni mimi, na ninashona. Wewe una miguu miwili, na hata kuja huwezi!"

Simu ilikuwa imekatwa. Hakuacha. Alishona hadi mwisho wa kitambaa, na alipoinua macho, Bi Mkasi alikuwa mlangoni, anatweta, kwa kuwa mngurumo ule aliusikia tangu njia panda na akaja mbio asivyokimbia tangu usichana.

"Nani anashona?" aliuliza, ingawa alikuwa akimwona.

"Mwenye mali," alijibu Mama Pindo. Halafu akamweleza yote, hata ujumbe aliotuma baada ya mlango kurudishwa. Bi Mkasi alisikiliza hadi mwisho, akauchukua mstari ule, akaukagua kwenye mwanga.

"Umepinda," alisema.

"Nina mguu mmoja, wifi!"

"Nimesema tu umepinda." Na kitambaa akakikunja, akakitia kifuani.

Dereva alipewa maji, akanywa, akatukana namba iliyomleta. Mama Pindo alishika simu muda mrefu kidogo kabla ya kupiga. Kiburi kina uchungu wake kukimeza, lakini alikimeza.

"Ni mimi, wa cherehani," alimwambia mshona mahema. "Picha nakutumia sasa. Namba, na kijiko juu ya meza."

"Nilijua utarudi," ilisema ile sauti kavu. "Au nilidhani hutarudi. Mojawapo."

Alifika mchana ule ule, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana. Aliigeuza cherehani juu chini. Alilinganisha namba. Alinusa mafuta ya mashine. Aliwataka watoe shahidi wa mtaani wa kuthibitisha kwamba ni yao, akaitiwa jirani muuza mkaa, naye akaapa. Safari hii Mama Pindo hakukasirikia swali hata moja. Kila moja lilimwingia kama maji baridi. Naye akauliza ya kwake: mahema ya nani, unashonea wapi, kwa nini usinunue ya umeme?

"Nashonea uwanjani, chini ya hema lenyewe. Nitaichomeka ukuta gani?"

Mawifi wawili walitazamana, na dereva akaangua kicheko.

"Basi," alisema Bi Mkasi, "keti ushone kwanza."

Mshona mahema hakuuliza kwa nini. Alitoa kipande cha turubai alichokuja nacho, kwa kuwa naye hakuwa na nia ya kutoa fedha kabla ya kuketi, akashona mstari mmoja mnyoofu ajabu. Bi Mkasi akaukata katikati. Fedha ikaingia, ikahakikiwa kwenye salio na macho mawili mawili, na ndipo dereva akaibeba cherehani hadi kwenye gari lake, kwa nauli halali ya mnunuzi halali.

Jioni hiyo, wakijiandaa kwenda kwa mwenye duka kabla hajafunga, simu ya Mama Pindo ililia. Namba ngeni. "Habari mama, bado ipo?"

Bi Mkasi alinyoosha mkono aufute ujumbe. Mama Pindo akauzuia, akaandika, herufi moja moja, bila haraka: "Imepata mwenye kuiketia. Nyingine ikija, nawe uje uketi."

Akaitia simu mkobani, akashika bega la wifi yake, wakatoka.