Mvua Kati ya Waamuzi Wawili

Kitu cha kwanza Esperance alichoona ni tambara lake. Alipangusa jasho la wachezaji sakafuni, karibu na mstari wa pembeni wa uwanja wa mpira wa kikapu, likalowa chapachapa. Akainua macho. Mvua ilikuwa ikinyesha hapo tu, upana wa mkeka. Kwingine mtaani Cibitoke ilikuwa vumbi la kiangazi.

Hakumwuliza mtu, yeye alikuwa wa kutazama. Kwa kutazama alishajua waamuzi wanavyogawana uwanja. Maxime alikuwa chini ya kikapu, akiwahesabia sekunde tatu wanaong'ang'ania pale. Bonfils alifuata nyuma ya mpira, akipunga mkono kuhesabu sekunde nane mpaka mpira uvuke katikati. Mpira ukigeuka, nao hubadilishana kazi. Hakuna anayechungulia eneo la mwenzake. Mvua ilinyesha pale ambapo kila mmoja alidhani ni kwa mwingine.

Christa, mlinzi wa timu ya Kiriri, alipajua pia. Alimsukumia huko Mawazo, mdogo wake Esperance aliyechezea timu ya Cibitoke, akimpiga kiwiko cha mbavu. Mpira ulipotea, mvua ikazidi. Na siku hiyo mkuu wa shule ya bweni alikuwa jukwaani, akichagua msichana mmoja wa kumsomesha bure.

Kufikia mapumziko vyura walikuwa wamefika, bila shaka kutoka mabwawa ya Buterere.

"Hii mvua ni yako, Maxime."

"Yangu wapi? Mi niko chini ya kikapu. Hapa ni kwako, muzee."

"Basi tumupe dada wa tambara." Bonfils akacheka. "Dada, hapa ni pako sasa. We ni arbitre, mwamuzi wa vyura."

Esperance akaitikia kwa kichwa. Hakuwahi kutoa neno mbele ya waamuzi.

Mchezo ukaendelea. Mawazo akaja na mpira, akasukumiwa mvuani, kiwiko kikampasua mdomo. Timu ya Kiriri ikachukua mpira. Bonfils akakimbilia kikapu cha pili. Maxime, sasa ndiye wa nyuma, akaanza kupunga mkono. Mkuu wa shule akahamishia macho kwa Christa.

Esperance akaingia majini, vyura wakimpisha. Maxime alikuwa kwenye sekunde ya nne Esperance alipofungua kinywa, na kwenye ya saba alipomaliza:

"Christa amemupiga mutoto kiwiko. Hapa ni pangu, na mi nimeona."