Kompyuta Arobaini Bila Kibodi

Chuo kizima cha uuguzi kilimwita Mama Pacha, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kompyuta zinaamka zinapoamshwa. Ijumaa hiyo asubuhi zilishushwa mpya arobaini, bado zikinuka plastiki. Jumatatu wanafunzi wangezifanyia mtihani.

Mama Pacha hakuwa na presha. Alikuwa na flashi aliyoitengeneza mwenyewe: ukiichomeka, inasakinisha mfumo wote, kuanzia lugha hadi nywila, bila kumuuliza mtu swali hata moja. Akaichomeka kwenye mashine ya kwanza, akakunja mikono.

Haikupita dakika mbili, kioo kikaandika: hakuna diski iliyopatikana.

"Si nilisema?" mkuu wa chuo alidakia nyuma yake. "Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Hapana, Mkuu. Diski imo, nzima kabisa. Flashi yangu ndiyo haina draiva yake."

"Dereva?"

"Draiva. Programu ndogo inayouwezesha mfumo kusema na kifaa. Diski hizi ni za aina mpya, na flashi haijawahi kukutana nazo. Nikiiingizia flashi draiva humo humo ndani, zitaelewana."

Mkuu aliguna, akaondoka. Aliyebaki ni mratibu wa mitihani, dada wa mume wa Mama Pacha. Ndiye aliyempigia debe apate kazi hii, na minong'ono ya kubebana ilikuwa haijapoa.

"Wifi, wasije wakatucheka," alisema kwa sauti ya chini. "Tafuta watu, msakinishe moja moja kwa mkono."

"Moja moja mara arobaini, wifi yangu? Na kila mtu akosee kivyake? Nipe hadi saa nane mchana."

"Na hiyo waifai, inashika?"

"Nayo haionekani. Wifi ninayemwona hapa ni wewe tu."

Mratibu alicheka bila kupenda, akaenda zake.

Mama Pacha aliandika namba ya modeli, akapakua draiva za diski na za mtandao kutoka kwa watengenezaji, akaziingiza kwenye sehemu ya flashi inayoanzisha usakinishaji. Akajaribu. Diski ikaonekana! Mafaili yakanakiliwa, mashine ikajizima na kujiwasha. Kisha kioo kikawa buluu, kimya.

Alikaa akikitazama, akajipiga paji la uso. Draiva alikuwa ameipa ile sehemu inayoanzisha usakinishaji peke yake. Mfumo wenyewe, uliokuwa umeshahamia kwenye diski, haukupewa kitu. Ulipoamka haukuijua nyumba uliyolala.

"Umeyataka mwenyewe, haraka haraka," alijiambia. Akaufungua mfumo ulio ndani ya flashi, akauwekea draiva zile zile, akahifadhi, akarudia. Safari hii mashine ilijizima, ikajiwasha, na ukurasa wa kuanzia ukafunguka, alama ya mtandao ikiwa pembeni.

Alitengeneza nakala za flashi hiyo, akachomeka moja kwenye kila mashine. Halafu akafanya jambo lililomshangaza hata yeye: alichomoa kibodi zote arobaini, akazirundika kwenye boksi.

Saa nane mkuu aliingia pamoja na mratibu. "Kibodi ziko wapi?"

"Hazihitajiki, Mkuu. Hakuna atakayebonyeza kitu." Akapita mstari kwa mstari, akiwasha.

Feni zikaanza kuvuma chumba kizima. Asilimia zikapanda. Mashine zikajizima na kujiwasha kila moja kwa wakati wake, na mkuu akawa anatembea kati ya meza mikono nyuma, akiinama hapa, akichungulia pale, kama msimamizi anayewinda mwanafunzi anayeibia. Hakukamata kitu. Ya mwisho ilipofunguka, saa tisa ilikuwa haijagonga.

"Kule tawi letu la pili," mkuu alisema, akikohoa kidogo, "mafundi wao wana wiki ya pili wamekwama na kompyuta kama hizi. Jumanne utakwenda ukawafundishe."

"Nitakwenda."

Mratibu aliketi kwenye mashine ya kumi na saba, akabonyeza kwa kipanya, na ukurasa wa mtihani ukafunguka. Alivua viatu vyake virefu, akavisukuma chini ya meza, akaanza kumsaidia wifi yake kurudisha kibodi.