Vigingi vya Watazama Nyota

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanamvua kilikuwa kitambaa chekundu. Wageni walikuwa wamekifunga mdomoni mwa tochi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na tochi ikatoa mwanga mwekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Yeye alikuwa jikoni akisonga ugali wa muhogo, akiwachungulia kupitia upenyo wa ukuta wa mianzi. Akajisemea moyoni: mtu mwenye nia njema akifika kwako baada ya magharibi huwasha taa, akuone nawe umwone. Hawa wameivika taa yao nguo.

Walikuwa wawili. Rogath alikuwa fundi simu pale Ruangwa mjini, kijana wa maneno mengi na pikipiki ya kelele. Teddy alifanya kazi ya maabara katika hospitali huko Nachingwea, mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Walieleza kwamba wao na wenzao wa Nachingwea na Ruangwa wana kundi lao kwenye simu. Kila mmoja hutoka uani kwake jioni, hutazama nyota na kuzipiga picha, kisha huwatumia wenzake. Sasa walitaka mahali penye giza la kweli, na mtu mmoja alikuwa amewaelekeza Nandagala, kwenye nyumba hii iliyojitenga na barabara.

"Nyuma ya nyumba yangu kuna baa," Teddy alimwambia Mjomba Ausi. "Taa yake inawaka mpaka asubuhi. Nikipiga picha ya nyota inatoka picha ya baa."

Mjomba Ausi akacheka kuliko maneno yenyewe yalivyostahili. Akawatandikia mkeka mpya, ule wa sikukuu, akaagiza karanga.

"Karibuni sana," akasema. "Uwanja ni wenu huu. Pimeni mnavyotaka."

Pimeni. Mwiko ukasimama mkononi mwa Mwanamvua.

Ruangwa yote inajua habari za kinywe, yale mawe meusi yanayochafua vidole kama penseli. Na kila mtu amesikia habari za kijiji fulani, ambako walifika watu wapole wenye chombo cha miguu mitatu, wakaomba maji ya kunywa, wakashukuru, wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, wakaondoka. Baada ya vigingi ukaja mkutano. Baada ya mkutano watu wakahamishwa kwenye nyumba za tofali zilizopangwa mstari, na makaburi yakafukuliwa, na marehemu wakabebwa kwenye visanduku vyenye namba.

Mama yake Mwanamvua alikuwa amelala mwisho wa uwanja huo, upande wa kusini. Mwanamvua aliacha shule darasa la tano ili amuuguze, na alipofariki, yeye mwenyewe ndiye aliyezungushia kaburi mawe na kuyapaka chokaa. Hakuwa na ndugu wa kuzaliwa naye. Hakuwa hata na picha ya mama. Alikuwa na yale mawe meupe, ambayo kila asubuhi aliyaona kabla ya kumwona mtu yeyote. Nyumba na uwanja vilikuwa vya mama, na kwa desturi ya kwao Umwerani mali hufuata tumbo la mama. Lakini mdomo wa nyumba ni mjomba. Akisema mjomba, imesemwa.

Wageni wakasimamisha chombo chao. Kilikuwa na miguu mitatu.

Rogath akapiga magoti nyuma yake, akafumba jicho moja, akakigeuza huku na huku. Mwanamvua akafuata kwa macho kule kilikoelekea. Mashariki, hapana. Magharibi, hapana. Kikatulia kusini.

"Hapo hapo," Rogath akasema kwa furaha. "Iko juu kidogo ya lile kaburi."

Kisha akatoa kwenye begi vigingi vitatu vyenye vichwa vyekundu, akavipigilia ardhini, kimoja kwenye kila mguu.

Kesho yake asubuhi, kwenye pampu ya maji, Dafrosa alikuwa amekwisha kupata habari. Dafrosa ni jirani, na habari humfikia zikiwa bado za moto.

"Eti wanatazama nyota!" akasema, akisukuma mpini wa pampu. "Huko kwao Nachingwea nyota zimekwisha?"

"Wanasema kuna taa nyingi, mama Dafrosa."

"Taa! Mimi nikimpiga picha mbuzi wangu mchana kweupe anatoka kivuli, wao waipate nyota gizani? Wewe binti, lala tu. Utaamka uko kwenye nyumba ya tofali namba kumi na saba, na mama yako yuko kwenye boksi."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwanamvua naye akacheka, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mtu akimchoma, yeye hucheka kidogo na kutazama chini. Dafrosa akamtazama usoni, akaacha kucheka, akamtwisha ndoo bila kuombwa.

Kuanzia siku hiyo Mwanamvua alianza kumchunguza mjomba. Alimwona akiamka na kwenda kwenye vigingi kabla hata ya kunawa uso. Alimwona akivishindilia kwa jiwe ili visilegee. Siku moja alimwona akitoka kigingini akihesabu hatua, midomo ikicheza, hadi kwenye mawe meupe ya kaburi, akasimama pale, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na bei ya korosho.

"Mjomba," akauliza, sauti ikitoka nusu, "hivi vigingi ni vya nini?"

"Mambo ya wakubwa hayo, mpwa wangu. Wewe usifagie karibu navyo."

Jumamosi iliyofuata wageni walirudi. Mashambani watu walikuwa wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, vumbi lake lilikuwa limetua kila mahali, na Teddy alikaa akipangusa kioo cha darubini kwa kitambaa laini huku akilalamika kwa upole. Rogath alisimamisha miguu ya kamera juu ya vigingi vilevile. Akakikanyaga kimoja, akageuka.

"Dada Mwanamvua, hii ardhi yenu chini ina mawe? Kile kigingi siku ile kiligoma kabisa, noma."

"Sijui," akajibu. Ndani yake akasema: kumbe unauliza na yaliyoko chini. Nyota nazo zinaota mizizi?

Teddy akamwita kwenye darubini, ile ndefu, isiyokuwa kamera. Mwanamvua alikataa, kisha akaona aibu kukataa mara ya pili. Akainama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Halafu kikaja kitu kidogo cha manjano, cha mviringo, kimepitiwa na mstari mwembamba katikati, kama shanga iliyochomwa na sindano.

"Hiyo ni Zohali," Teddy akasema. "Huo mstari ni pete zake. Mwaka huu zimetulalia ubavu."

Mwanamvua alisahau kupumua. Alipokumbuka, akajivuta nyuma haraka. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mwenye mtego naye huweka chambo kizuri.

"Na hiki kitambaa chekundu," Teddy akaendelea, "ni kwa ajili ya macho. Jicho likishazoea giza, mwanga mweupe huliharibu, unasubiri tena. Mwekundu hauliumizi."

Hakuna aliyeuliza. Mwanamvua akalichukua jibu hilo akaenda nalo jikoni, akaligeuzageuza kama anayechagua mchele. Jibu lililokuja kabla ya swali linatafuta nini?

Wageni walipoondoka alimsikia mjomba akiongea kwa simu nyuma ya nyumba. Alisikia vipande tu. "Wanapima, ndiyo. Kila Jumamosi, ndiyo. Hapana, sijawauliza, watu hawa ukiwauliza sana wanakuruka." Kisha kicheko kidogo, cha chini, ambacho hakuwahi kukisikia kwa mjomba wake.

Alilala macho wazi. Wiki nzima alisahau chumvi kwenye mboga, akaambiwa, akacheka kidogo na kutazama chini. Jumamosi ya tatu asubuhi mjomba alikwenda Nambilanje kwenye msiba. Mwanamvua alichukua jembe akaenda uwanjani. Kigingi cha kwanza kilitoka kirahisi. Cha pili pia. Cha tatu kiligoma, akakizungusha kwa mikono miwili mpaka ngozi ikachubuka. Akafukia mashimo, akafagia uwanja wote, hata pale alipokatazwa. Vigingi akavitia mafigani. Maharage ya siku hiyo yaliivia juu yake.

Mjomba alirudi alasiri, amechoka, hakuona kitu. Giza lilipoingia pikipiki ikanguruma, na Rogath akaja na tochi yake nyekundu akiimulika ardhi. Akaenda, akarudi. Akachuchumaa.

"Mzee Ausi, vigingi viko wapi?"

Mjomba akafika mbio. Akapapasa udongo kwa viganja kama mtu aliyepoteza pete. Kisha akainuka taratibu akatazama jikoni.

"Mwanamvua!"

Akatoka.

"Nani kang'oa?"

Mikono yake iliyochubuka aliificha nyuma, na hilo lilikuwa jibu.

"Umeng'oa bahati yetu!" mjomba akapiga kelele. "Watu wanapima kwa utaratibu, wewe unang'oa! Jamani wageni, msameheni, huyu hakusoma, hajui kitu. Pigilieni vingine hata sasa hivi. Mimi sina tatizo. Na ofisi ya kijiji nimekwisha kuiambia, hata kaburi halina shida, lihamishwe tu."

Teddy akavua miwani.

"Kaburi lihamishwe kwenda wapi, mzee wangu?"

"Kokote mtakakopanga. Mimi shida yangu ni ile nyumba ya tofali."

"Nyumba gani?" Rogath akauliza. "Mzee, vile vigingi ni alama za miguu ya kamera. Nikija wiki nyingine niisimamishe palepale, picha zilingane, tuone nyota zimesogea kiasi gani. Basi. Vichwa nilipaka rangi ili nisijikwae."

"Na kinywe?"

"Kinywe gani?"

"Mnachopima!"

Rogath akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akakohoa. "Mzee, mimi natengeneza simu. Kinywe ninachokijua ni kile cha kwenye penseli."

Mjomba Ausi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alionekana kama mtu aliyeketi kwenye kigoda kisichokuwapo. "Mtu mzima," akasema polepole, "anatoka Nachingwea, anakuja kukaa kwenye baridi ya uwanja wangu, kwa ajili ya nyota tu? Nyota tunayoihitaji sisi ni kilimia, ituambie wakati wa kulima, na hiyo inaonekana kwa jicho. Mnanidanganya." Ghadhabu ilikuwa imemtoka, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Semeni tu mnanidanganya."

Mwanamvua alisimama palepale mlangoni pa jikoni. Majuma hayo yote alikuwa amewaogopa wageni kwa jambo lilelile ambalo mjomba alilitamani. Yeye na mjomba walikuwa wameona vigingi vilevile, wakaamini uongo mmoja ambao hakuna aliyewaambia. Ila yeye aliposikia habari za kuhama aliona mawe meupe. Mjomba aliona nyumba ya tofali.

Teddy alikuja akasimama kando yake, akamwonyesha simu. "Hii tuliipiga siku ya kwanza. Kamera ilikaa wazi saa nzima."

Ilikuwa picha ya uwanja. Angani nyota zilikuwa zimechora mistari iliyopinda, vipande vya duara ndani ya duara, kama ukili unaozungushwa kuanza kikapu, na katikati ya maduara palikuwa na nafasi nyeusi iliyotulia. Chini yake, meupe, wazi kabisa, yalikuwapo mawe ya kaburi la mama.

"Si kwamba tulilitafuta kaburi," Teddy akasema. "Nyota za kusini huzungukia hapo, na hapo pana kaburi. Tungepaswa kuuliza. Ni la nani?"

"La mama."

"Pole, mwanangu."

Mwanamvua hakujua kama anamwamini. Aliitazama picha hadi kioo cha simu kikazimika chenyewe, akatamani kuomba kiwashwe tena, asiombe. Pengine watu hawa walikuwa kama walivyosema. Pengine. Lakini siku ingefika wakaja wengine, wenye vigingi vya kweli, wakakaribishwa kwenye mkeka wa sikukuu, na neno la kuwajibu lilikuwa limekwisha kutolewa kijijini, na hakulitoa yeye.

Teddy akavaa miwani yake. "Basi tuanze upya," akasema. "Huenda tulikosea mtu wa kumwomba. Mwenye uwanja huu ni nani?"

"Mimi," Mjomba Ausi akajibu, bila hata kugeuka. "Kwani hamnioni?"

Kila mtu alijua kinachofuata. Mwanamvua angecheka kidogo na kutazama chini, kisha angekwenda kuleta karanga. Mjomba alikuwa ameanza hata kuketi. Lakini Mwanamvua alitoka mlangoni, akapita mbele ya mwanga mwekundu, akasimama kati ya mjomba wake na upande wa kusini. Mikono iliyochubuka hakuificha tena.

"Siyo wewe, mjomba," akasema. Safari hii sauti ilitoka nzima. "Uwanja ni wa mama, na tumbo lake ni mimi. Wageni wapigilie vigingi vyao. Ila mama hahami. Hata wakija wenyewe wa kinywe na mkutano wao, hahami, na wewe huna mdomo wa kusema ahame."