Jiwe Linalofuka Moshi

“Huu upenu wenu unachuruzikia hema langu,” alisema Bwana Kofia, akiunyooshea mswaki. “Mke wangu ameamka na nywele chapachapa.”

“Kwani upenu ndio uliokufuata,” Msusi alimjibu, “au ni wewe uliyekuja kulala upenuni kwa watu?”

“Jana, dada, hapa palikuwa majani matupu. Vigingi nilivipigilia kwa mkono wangu.”

“Na jana ulikuwa umevaa suruali. Mambo hubadilika.”

Bwana Kofia alijiangalia bukta, akasogeza kofia yake pana ambayo hakuivua hata akipiga mswaki, akasema hajaja likizo kutukanwa. Mkewe alichungulia kutoka hemani, nywele zikidondoka maji. Alimwambia mumewe aache ugomvi, amuulize yule dada anasuka shilingi ngapi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, na upande mmoja wa paa ulikuwa mweusi kwa masizi. Ilisimama kati ya bomba la maji na hema la Bwana Kofia, pale ambapo ramani ya kambi ilionyesha sehemu ya kuoshea vyombo. Waliokuja kuosha vyombo waliviosha ukutani kwake.

Ilikuwa nyumba ya Bibi, nyanya yake Msusi.

Familia ilikuwa imefika na gari lililojaa hadi mapajani. Dereva, mwana wa Bibi na baba yake Msusi, ameendesha malori ya saruji maisha yake yote, na alipopewa likizo aliamua kuitumia kuendesha. Mkewe alipakia kila kitu cha nyumbani isipokuwa kuta. Msusi alikuja na mwanawe mgongoni na kitana mkononi. Walipita kwenye maporomoko, wakapiga picha. Walipita kwenye pango maarufu, wakapiga picha. Bibi hakushuka garini hata mara moja.

“Mama, ona maji yale,” Dereva alimbembeleza.

“Maji yanayoanguka nimeyaona. Nipelekeni kwangu.”

Wote walijua kwake ni wapi. Kwake ni ndani ya mbuga.

Getini palikuwa na bango kubwa la rangi ya kijani: KARIBUNI, WAGENI WETU. Chini yake, kwa herufi ndogo: Ardhi safi. Hapa hapajawahi kuishi mtu. Bibi alimwambia Msusi asome, kisha asome tena, taratibu.

“Aliyenitoa ndiye anayenikaribisha,” Bibi alisema, akafungua kioo ateme mate.

Habari ya kutolewa kwao familia nzima iliijua kwa moyo. Asubuhi moja walikuja wanaume wenye buti, Dereva akiwa bado ananyonya. Walipiga mlango teke, wakawatoa watu, wakatia moto paa huku chungu kingali mafigani. Kijiji chote kilipakiwa kwenye malori. Lakini Bibi alipoisimulia, moto aliutaja mwisho.

“Hawakupiga hodi,” ndivyo alivyoanza kila mara. “Mtu anaingia kwangu, nimejifunga khanga moja, wala hodi hakupiga.”

Hakudai fidia, maana fidia walikwisha kuila wengine. Hakutaka pole pia. Alitaka kabla hajafa mmoja wa hao watu wa mbuga apige hodi.

Basi walipofika kambini, jioni ya kuamkia ugomvi wa upenu, alishuka, akavua viatu, akavuka vyoo na bomba, akasimama mahali fulani kwenye majani. Msusi alikuwa karibu akisuuza vikombe.

“Hodi,” Bibi alisema.

Ilichukua muda kidogo, kama mwenyeji anapotafuta kitu cha kujifunga. Kisha nyumba ikapanda kutoka ardhini. Ilipanda polepole na kwa adabu, ikisukuma majani pembeni, kwanza paa lenye masizi, halafu dirisha, halafu ukuta wenye alama ya kiganja cha babu yake Msusi. Dereva alisogeza gari nyuma ili bampa isikwaruzwe. Ndani kulikuwa na mtungi, kitanda cha kamba, na mafiga matatu yaliyokuwa bado ya moto. Bibi alichungulia chunguni, akaona maharage yamekaukiwa, akaongeza maji.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mlango haukuonekana na mtu ambaye hajapiga hodi. Aliyepiga aliuona palepale, mpana, wa mbao, umeegeshwa. Asiyepiga aliona ukuta mzima. Asubuhi ile, baada ya kumalizana na Msusi, mke wa Bwana Kofia alipiga hodi akitafuta moto wa kukaushia nywele. Akaingia, akakaa, na hakutoka mpaka alipojua siri za familia kuanzia posa ya Dereva. Mumewe akamfuata. Mpaka jua linawaka, ugomvi wa upenu ulikuwa umekwisha, na Bwana Kofia alikuwa akipembua maharage.

Ndipo akaja Mkuu wa Mbuga.

Alikuwa mtu mnene, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Alisimama mbele ya nyumba, akanusa chungu, akameza mate, akakumbuka kazi.

“Nani amejenga hapa?”

“Mume wangu, Mungu amrehemu,” Bibi alijibu dirishani.

“Lini?”

“Wewe hujazaliwa.”

“Haiwezekani, bibi. Hapa hapajawahi kuishi mtu.”

“Sasa baba, hapo unaongea na nani?”

Mkuu alitafuta mlango. Alizunguka nyumba mpaka akaanza kukanyaga nyayo zake mwenyewe.

“Mlango uko wapi?”

“Uko mahali pake. Piga hodi utauona.”

“Siwezi kupigia ukuta hodi.”

“Basi endelea na mazoezi, yatakusaidia tumbo.”

Bwana Kofia alitoa kichwa dirishani. “Mkuu, piga tu. Neno lenyewe fupi.”

Mkuu alimvuta Dereva pembeni, nyuma ya gari, akashusha sauti. “Kaka, nielewe. Nikipiga hodi nimekubali kuna mwenyewe. Na kama kuna mwenyewe, bango la getini ni uongo. Mimi bango sikulitundika. Nililikuta.”

“Na kuling’oa?”

“Nina watoto wanasoma.”

“Na mimi nilikuwa mtoto,” Dereva alisema. “Nilitolewa humo ndani nikiwa na ziwa mdomoni.”

Mkuu aliangalia buti zake, akaenda kupiga simu makao makuu.

Wataalamu walikuja kwa magari meupe yenye viyoyozi. Walipima kuta kwa kamba, wakagonga kwa vinyundo, wakakwangua masizi wakayatia kwenye vichupa. Hodi hawakupiga. Bibi alipita katikati yao akiingia na kutoka na ndoo, akisema, “Samahani wanangu, nipisheni,” nao walimpisha, wengine wakamshikia ndoo, kisha wakarudi kuujadili ukuta usio na mlango. Uamuzi wao ulikuwa kwamba nyumba ni jiwe. Umbo limechongwa na mvua. Weusi wa juu ni umri. Moshi ni mvuke wa ardhini.

Kesho yake mwongozaji alileta watalii.

“Hili ndilo Jiwe Linalofuka Moshi,” alitangaza. “Ajabu ya asili. Hakuna mkono wa binadamu uliowahi kuligusa.”

Mama mmoja mtalii alimnyooshea kidole Bibi, aliyekuwa akianika nepi za kitukuu kwenye kamba iliyofungwa kwenye jiwe. “Na yule bibi?”

“Mgeni kama nyinyi. Muda wake wa kukaa umekwisha.”

Msusi alitoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. “Mgeni? Mgeni kwenye kitanda alichozaliwa baba yangu? Njoo useme tena, umechomekea shati kwa ajili ya kusema uongo!”

Mwongozaji aliwaomba watalii wasogee upande wenye mwanga mzuri. Watu walipiga picha. Katika kila picha, dirishani, alionekana mtoto wa Msusi akicheka kwa jino lake moja. Ofisi ilieleza kwamba ni kivuli.

Kumwondoa Bibi hakukuwezekana, maana wakimjia alirudi ndani, na wa kuingia kumfuata lazima apige hodi. Kwa hiyo ofisi iliamua kwamba hayumo. Waliwakatia maji ya bomba, ila mtungi haukupungua. Dereva alirudi garini, akawasha injini, akasema anakwenda getini kulilaza lile bango kwa gari.

“Zima,” Bibi alimwambia. “Ukilivunja watapigilia jingine jipya, na wewe watakufunga. Mimi sikufuata bango. Nataka hodi.”

“Mama, hawa hawatapiga.”

“Basi maharage yataiva sana.”

Siku ya kuondoka ilipita, familia haikuondoka. Bwana Kofia naye alihamishia godoro lake ndani, akisema hema linavuja, ingawa mvua haikuwapo tena. Mke wake alikuwa amesukwa kichwa kizima na sasa anangoja kusukwa upya.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Mkeka umetandikwa, chungu kimeipuliwa, kelele za nyumba iliyojaa zinatoka dirishani. Nje walisikia mtu anachimba, kisha nyundo. Msusi alichungulia. Alikuwa Mkuu wa Mbuga, peke yake, jasho limemlowesha sare, akipigilia bango jipya mbele ya mlango asiouona: JIWE LINALOFUKA MOSHI. HALIJAWAHI KUKALIWA NA MTU.

Msusi aliinuka na mwiko. Bibi alimshika gauni.

“Mwache amalize.”

Nyundo iliendelea, msumari baada ya msumari, kazi ya mtu anayejua kupigilia. Kisha ikanyamaza. Harufu ya maharage ilitoka dirishani ikaenda zake huko nje. Walimsikia Mkuu akitembea hatua chache, akisimama, akiangalia huku na huku kama kuna mtu. Akakohoa.

“Hodi,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani waliyegombana naye juzi.

Dereva aliinamisha uso akashika kingo za mkeka kwa mikono miwili. Bwana Kofia alijisogeza kuacha nafasi.

Bibi aliinuka mwenyewe, akajifunga khanga ya pili, akaenda kuufungua mlango. Mkuu alikuwa amesimama kizingitini, kofia kwapani, nyundo mkononi. Nyuma yake bango lilikuwa limenyooka vizuri, halitikisiki. Bibi alilitazama bango, akamtazama yeye.

“Karibu, baba,” alisema. “Nyundo iache hapo nje. Nawa mikono, ule.”