Muguu wa Ambreyaji

Bwana yangu Mathieu alikatwa muguu wa kushoto mwezi wa pili, juu ya ugonjwa wa sukari. Walikata chini ya goti. Daktari alisema kazi imekuwa muzuri, na kweli kidonda kilifunga bila matata. Lakini tangu siku tulitoka hospitali mpaka mwezi wa nane, muzee hakuvuka lango letu hapa Bigo, mutaa wa Bunia, hata mara moja. Rafiki zake wakija kumusalimia, aliniambia niseme amelala. Chini ya kitanda kulikuwa muguu mupya ambao walimutengenezea ku atelie ya viungo vya bandia, umefungwa ndani ya sashe nyeusi ya plastiki, kiatu chake kikiwa tayari kimevalishwa, na hakutaka hata niutaje.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: atoke inje. Sikutaka acheze mupira. Nilitaka avuke lango, watu wamuone, yeye awaone.

Sasa niseme juu ya gari, sababu mutu akisikia gari hapa kwetu anafikiri kitu kikubwa cha kwenda kubeba mihogo. Ile yetu ni ya watu wawili tu. Haina paa. Mvua ikinyesha, unanyeshewa. Pua yake ni ndefu, taa zake mbili za mviringo zinasimama peke yake pembeni ya pua, magurudumu yana nyuzi za chuma kama ya baiskeli, na kapo, kile kifuniko cha moteri, inafungwa na mukaba wa ngozi kama suruali. Waingereza walitengeneza magari ya namna hii zamani, wakati mama yangu alikuwa musichana. Ile yetu si ya zamani. Ni kopi. Muingereza mumoja, injinia wa barabara, aliiunga yeye mwenyewe Kampala, kipande kwa kipande, akatia ndani moteri ya Kijapani, akaileta Bunia juu ya kamio, lori kubwa, kwa njia ya Mahagi. Mathieu alikuwa mekanisie wake, fundi wa magari. Kontra yake ilipoisha, injinia aliangalia gari, akaangalia bwana yangu, akamuachia funguo.

Watu walicheka. "Mathieu, umepewa mutoto wa gari! Mama yake iko wapi?" Yeye alijibu: "Ni kopi, lakini inapita orijinali zenu zinazolala garaji."

Volani, ule usukani, iko kuume, kama kwa magari yote yanatoka Uganda. Na siye Kongo tunatembea upande wa kuume. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa mufereji, na kukiwa kamio mbele yake hawezi kuona kitu. Kazi ya mutu anayekaa kushoto ni kuwa macho. Miaka kumi na moja nilikaa pale. Ninainua shingo, ninasema, "Ngoja, ngoja, pikipiki inakuja, ngoja... pita!" Na yeye anapita. Hakuniuliza mara mbili hata siku moja.

Mwezi wa saba upepo uliangusha muti wa papai juu ya kibanda cha gari. Nguzo ililala juu ya ubavu wa mbele, upande wa kuume, ikaacha shimo dogo na ufa. Sikumuambia Mathieu. Nilifikiri hivi: nitaitengenezesha kimya, siku moja ataiona inang'aa, moyo utamurudia. Nikamuita Roger, yule fundi anayenyoosha taksi zote za hapa. Alikuja saa sita, wakati muzee analala kisha dawa.

"Mama Scholastique, hii ni kazi ya dakika makumi mbili," alisema.

Akapiga nyundo mara ya kwanza. Ufa ukawa mukubwa. Akapiga mara ya pili. Kipande kikaruka, kikaanguka karibu na kuku.

"Chuma imechoka," Roger alisema. "Tutachoma, tuiunge."

Na mimi, mwanamuke mwenye miaka hii yote, nikasema sawa. Nilikuwa nimeosha ile gari na mukono wangu miaka kumi na moja. Haikupata kutu hata kidogo, na nilifikiri ni sababu bwana yangu anaipenda.

Roger akawasha moto. Moshi mweusi ukapanda, na harufu kama ya beseni ya plastiki iliyosahaulika juu ya mbabula yenye makaa. Halafu tukasikia sauti ya Mathieu toka dirisha la chumba, ananiita kwa jina la mutoto wetu Vital.

"Munachoma nini? Ile si chuma! Ni nyuzi za kioo na gundi! Mama Vital, munaniulia gari!"

Roger alikamata maji niliyooshea vyombo vya samaki, akamwaga yote, na sabuni yake. Moto ukazima. Pakabaki tundu la upana wa sahani ya fufu, na mafuta ya samaki yakishuka juu ya gurudumu.

"Mama," Roger alisema huku anakusanya vyombo vyake, "mi natengeneza magari. Hii si gari. Hii ni beseni yenye taa."

Mathieu alifunga pazia. Siku mbili alikula kidogo sana. Niliwaza kwamba kile kitu kimoja kilichoweza kumutoa ndani, nimekichoma mimi mwenyewe.

Siku ya tatu nilikaa chini na kile kipande kilichoruka. Nikakigeuza. Pale kilipovunjika, niliona nyuzi nyeupe, safu juu ya safu, zimeshikwa na gundi ngumu. Nilikuwa nimeona kitu kama hiki. Wapi? Nikawaza mpaka sombe, majani ya mihogo niliyokuwa ninapika, ikaanza kushika chini ya sufuria. Halafu nikaingia chumbani, muzee akilala, nikavuta sashe nyeusi polepole isipige kelele. Nikatazama ndani ya ule muguu, pale juu panapoingia goti. Kitambaa na gundi, safu juu ya safu.

Nikafunga kipande ndani ya kitenge, nikapanda pikipiki mpaka ku atelie ya viungo.

Aliyemutengenezea Mathieu muguu ni Bénédicte. Ni mwanamuke wa miaka kama makumi tatu, mutu wa kijiji cha Fataki. Walikimbia vita kule, yeye na mama yake, na kazi hii alijifunzia hapa Bunia. Alikamata kipande, akakigonga na ukucha, akakinusa.

"Mama, hii ni kazi yangu," alisema. "Ni muguu tu, lakini mukubwa."

Akaniambia iko na makopo ya resini, ile gundi yenyewe, ambayo tarehe yake imepita. Haiwezi tena kuvalishwa mutu, lakini gari haina ngozi. Ataomba ruhusa kwa shefu wake. Halafu akauliza: "Na papa? Anavaa ule muguu?"

Nikamuambia ukweli.

Alinirudishia kipande. "Basi tuanze na gari."

Alikuja siku ya posho, Jumamosi. Alivaa mikono mirefu na kitambaa kwa pua, na mimi akanivalisha hivyo, sababu vumbi ya ile kitu inawasha siku tatu. Kwanza alikata sehemu zote zilizoungua. Kisha akasugua pembeni ya tundu, akaweka karto, kipande cha boksi, chini yake ili kubeba umbo. Resini aliichanganya na dawa ya kukausha ndani ya kikopo cha nyanya. Haingoji mutu: dakika kumi zikipita inapata moto yenyewe na kuwa jiwe. Kwa hiyo nilikuwa ninamupa vipande vya kitambaa kimoja kimoja, yeye anapaka na burashi, analaza, anapaka.

Dirishani pazia lilisogea kidogo. Nikajifanya sioni.

"Ule mustari unashuka sana!" sauti ilisema.

Bénédicte hakugeuka. "Papa, mi sikuzaliwa na hii gari. Ukuje uonyeshe."

"Mi sina muguu."

"Sijaomba muguu. Naomba kidole."

Nikasikia fimbo zake mbili za kutembelea ndani ya salo, chumba cha wageni, halafu juu ya baraza, halafu juu ya changarawe. Alikuja na kaptula ya kulalia na shati bila vifungo. Akaegemea gari, akaweka kidole juu ya ubavu, akakivuta toka taa mpaka mulango, polepole, macho yamefungwa.

"Hivi," alisema. "Inapanda, inapumuzika hapa, halafu njo inashuka."

"Ah," Bénédicte alisema. "Mbona hukusema mapema? Resini inakauka!"

Tangu siku ile kiti chake kilikaa karibu na gari. Siku nne alisugua ile sehemu na maji na karatasi ya kusugulia, kwanza ya nguvu, kisha ya laini, anapitisha kiganja, anatikisa kichwa, anaanza tena. Rangi hatukupata ile yenyewe. Leo ubavu mumoja ni kijani ya majani ya kahawa, na mwingine kijani ya mboga ya lengalenga. Muzee alisema itabaki hivyo. Alifungua karbiratere, ile inachanganya mafuta na hewa, akaipanga juu ya gazeti kwenye meza yangu ya kulia chakula, visi na visi, skrubu moja moja, tukala juu ya mikeka siku mbili.

Lakini yote hayo ni ndani ya lango.

Juma tano ya wiki ya pili, asubuhi, moteri ilikubali. Ilikohoa, ikatupa moshi, ikaimba. Mathieu alikuwa amekaa mbele ya volani. Mukono wake ulienda peke yake ku vitesi, ku gia. Halafu ukasimama. Ambreyaji, ile klachi, ni pedali ya kushoto. Usipoikanyaga, vitesi haviingii, na gari haiendi popote. Na kushoto kulikuwa suruali iliyokunjwa na kufungwa na pini.

Akazima moteri. Akabaki amekaa.

Mimi nilikuwa ninachambua mchele. Nilichambua sahani yote, nikaanza kuchambua tena ile niliyomaliza.

"Mama Vital."

"Abe."

"Lete ile kitu."

"Kitu gani?"

"Usinisumbue. Unajua. Lete."

Bénédicte alikuja saa kumi kumufundisha. Siku za kwanza gari iliruka kama mbuzi na kuzimika, sababu unyayo wa ule muguu hausikii kitu. Anakanyaga kama anaua nyoka, anaachilia ghafula.

"Papa, usisikilize na unyayo," Bénédicte alisema. "Sikiliza na goti."

"Goti iko nauma."

"Iache iume kidogo. Wateja wangu wote wanalia muguu unauma. Weye wa kwanza kulia juu ya ambreyaji."

Muzee akacheka. Niliacha sufuria kwa moto nikaja kumuangalia anacheka. Kisha akafanya kazi yake: akakaza kamba ya ambreyaji ili ishike mapema, akafunga kipande cha mupira wa gurudumu juu ya pedali ili kiatu kisiteleze. Kesho yake tukamukuta ameshika ufunguo na anakaza visi ya kisigino chake mwenyewe.

"Papa, wacha! Ile si gari!" Bénédicte alipiga kelele.

"Kila kitu kyenye visi ni kazi yangu. Ilikuwa inalala inje kidogo. Sasa tazama." Akasimama, akatembea toka gari mpaka jikoni na kurudi. Bénédicte alitazama kisigino, akainama, akatazama tena. Hakukilegeza.

Juma nne iliyofuata nilifungua lango mbawa zote mbili. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, nikasema ninataka nyanya. Alivuka lango bila kuniangalia. Barabara ya Bigo ina mashimo, akayapita moja moja. Tulipofika bulvari, ile barabara kubwa, mbele yetu kukawa kamio ya mbao. Nikainua shingo. "Ngoja... ngoja... pita!" Akapita.

Karibu na ronpuen, ule muzunguko wa barabara, pale wenye pikipiki wanangojea watu, gari ilikohoa ikazimika. Akajaribu funguo. Hapana. Nyuma wakaanza kupiga honi.

"Muzee, mutoto wako amelala!" mumoja alipaza sauti. Mwingine akatazama vizuri. "Eh! Si Papa Mathieu huyu? Tulisikia umekufa!"

Kapo haifunguliwi toka ndani. Lazima mutu ashuke, azunguke mbele, afungue ule mukaba. Nilikuwa ninajua kuifungua. Niliweka mukono ku mulango wangu. Mathieu aliona mukono wangu. Nikautoa, nikauweka juu ya magoti.

Akafungua upande wake. Ile gari inakaa chini sana, na kutoka ndani ni kazi hata kwa kijana. Ilibidi akamate muguu na mikono miwili autupe inje. Suruali ikapanda, na wote wakaona. Honi zikanyamaza. Akasimama. Hatua ya kwanza alishika ubavu wa gari. Ya pili pia. Ya tatu alikuwa mbele ya taa na mikono yake haikushika kitu. Akalegeza mukaba, akainua kapo, kichwa kikaingia ndani.

"Ni waya ya mushumaa wa moteri imetoka," alisema, kama anajisemea.

Yule aliyesema amekufa alikaribia. "Papa, usikasirike. Ule muguu ni wa nini?"

Mathieu alipangusa mikono. "Wa kitambaa na resini. Kama hii gari. Gonga hapa." Kijana akagonga ubavu. "Sasa gonga hapa." Akapandisha suruali mpaka goti. Kijana akagonga polepole, na kidole kimoja, na wenzake wakashuka ku pikipiki zao kuja kuona. Mumoja akasema nyumbani kwao kuna ndugu aliyekatwa muguu, mwaka mmoja hatoki inje. Mathieu akamuuliza jina lake, na kartiye anakokaa, na ni muguu gani, wa kuume ao wa kushoto.

Jua lilikuwa linanichoma kichwa. Nilingoja. Waya ilikuwa imerudi mahali pake tangu zamani, na yeye bado alikuwa anaongea, muguu juu ya bampa, anawaonyesha namna ya kukanyaga ambreyaji na goti.

"Papa Vital, nyanya zitaisha," nilisema mwishowe.

"Panda pikipiki, uende. Mi niko na watu."

"Na utarudi na nani?"

Alijibu bila kugeuka: "Na gari."

Nikapanda pikipiki, nikaenda soko.