Mwano kwenye Barabara ya Zagayu

Machibya alikuwa na miaka sitini na tisa, na magoti yake, kwa maneno yake mwenyewe, yalikuwa yamemzidi umri. Kila mwaka pamba ilipoanza kuchumwa alitoka Tabora kwa treni, baiskeli yake ikiwa imekatiwa tiketi ya mzigo kwenye behewa la nyuma. Alishuka Malampaka na kuanza mzunguko wake: Maswa, Shishiyu alikozaliwa, Bariadi, Zagayu, Lingeka, kisha kurudi relini. Siku kumi na mbili, au kumi na nne upepo ukiwa mbishi. Wenzake wa kijiweni walimuuliza anatafuta nini huko kwenye vumbi. Aliwajibu kwamba alikuwa gadi wa treni miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo nchi ilimpita dirishani tu. Sasa alitaka kuipita yeye, kwa miguu yake, na kusimama anapotaka.

Baiskeli ilikuwa ya gia, zawadi ya bintiye Nancy, na aliionea wivu kama mume mzee aliyeoa binti mbichi. Mikoba miwili ya turubai aliishona kwa mkono wake. Alibeba spoki za akiba, viraka, gundi, spana tatu, na pampu ya chuma nzito ya zamani, kwa sababu hizi za plastiki, alisema, ni za kujazia maputo. Shingoni alining'iniza filimbi yake ya ugadi. Huko Tabora aliwapulizia watu wanaovuka barabara bila kutazama. Nancy alimwambia aiache nyumbani.

"Baba, huko unakokwenda filimbi siyo mchezo."

"Unanifundisha Usukuma mimi?" alimjibu, akaivaa.

Na kweli hakuhitaji kufundishwa. Katika vijiji vile, ng'ombe akiibwa hupigwa mwano, yowe au filimbi ndefu mara tatu, na kila mwanamume anayeusikia huacha alichoshika, hata kama ni tonge la ugali, akachukua fimbo na kukimbia. Anayesikia filimbi huipokea kwa filimbi yake, kijiji hadi kijiji, mpaka mwizi anakuta njia imefungwa mbele yake. Asiyekimbilia mwano huulizwa ana undugu gani na mwizi. Na anayepiga mwano wa uongo hupigwa yeye kama mwizi. Sheria hiyo Machibya aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Siku ya sita alitoka Bariadi asubuhi, na ilipofika saa saba mchana alikuwa kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Zagayu. Pamba ilikuwa imepasuka pande zote, wachumaji wamejipanga mashambani na magunia yao. Barabara ilikuwa na matuta ya kutikisa meno, isipokuwa ukanda mmoja laini katikati, na hapo ndipo Machibya alipoendesha, kwa ukaidi, akijua kabisa kwamba pikipiki nazo zinaupenda ukanda uleule.

Pikipiki ilikuja kwa nyuma ikipiga honi. Machibya hakusogea. Ilipiga tena. Alisogea kidogo, kiasi cha kuonyesha kwamba hakulazimishwa. Mwenye pikipiki alikuwa Dastan, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na nyuma yake alikuwa amefunga mbuzi watatu kwa kamba ya katani. Alipopita, miguu ya mbuzi ilinasa kwenye mkoba wa turubai, baiskeli ikavutwa, na mzee akaruka mtaroni uso ukitangulia. Ringi ya nyuma ilijikunja. Spoki zilikatika kwa mlio mkavu, moja baada ya nyingine.

Dastan alipunguza mwendo. Alitazama nyuma, akaona mzee anainuka, akajua hajafa.

"Mzee, si ukalale nyumbani!" alipiga kelele, kisha akaongeza mafuta.

Kama angenyamaza, yasingetokea yaliyotokea. Machibya alikuwa na mchanga mdomoni na damu kwenye pua, lakini kilichomchoma ni lile neno. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaingia kiza. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba ule ulikuwa mkono wa miaka thelathini na moja, mkono wa gadi unaokwenda wenyewe shingoni. Uongo. Aliishika filimbi akijua anashika nini. Akapuliza mara tatu, ndefu, kwa pumzi yake yote.

Filimbi ya kwanza iliitika kutoka shamba la kushoto. Ya pili ikaitika mbele, ya tatu mbele zaidi. Mwano ulikwenda kwa kasi kuliko pikipiki. Watu walitupa magunia ya pamba, wakatokea na fimbo, na mapanga, na pinde. Kundi moja lilimpita Machibya likikimbia, na mmoja akauliza bila kusimama, "Kakimbilia wapi?" Machibya alinyoosha kidole.

Alikokota baiskeli yake iliyopinda kama nusu kilomita hivi. Alipofika, barabara ilikuwa imezibwa kwa gogo, pikipiki imelala chini gurudumu likizunguka, na Dastan alikuwa amepigishwa magoti katikati ya watu wasiopungua sitini. Mbuzi walikuwa wameshafunguliwa kamba. Kamanda wa sungusungu wa eneo lile, Ngeleja, jitu la mabega mapana na sauti ya pole, aliamuru watu wampishe mzee.

"Mwadila, guku," alimsalimu kwa heshima, kama mjukuu kwa babu. Akautazama uso ule wenye damu. "Pole sana. Huyu ndiye?"

Hapo palikuwa na nafasi. Machibya angeweza kusema: huyu kaniangusha tu, sina mbuzi mimi. Lakini alimtazama Dastan, akayakumbuka maneno yake, na kiburi kikamshika ulimi. Alidhani watamchapa viboko viwili vitatu vya adabu.

"Ndiye," alisema.

Fimbo ya kwanza ilitua mdomoni. Dastan alikuwa ameshaanza kusema "nina kibali cha mnada", na neno "mnada" likatoka pamoja na meno. Alijaribu kuonyesha mfuko wa shati lake. Alipigwa mkono ule. Alionyesha tena kwa mkono mwingine, kidole kikigonga mfuko, gonga, gonga, na hakuna aliyetaka kuangalia kilichomo. Rungu lilimshukia gotini. Mtu mmoja alimkanyaga shingo ili wenzake wapate mgongo. Sauti zilikuwa za kawaida kabisa, sauti za watu wanaotwanga mahindi, na hilo ndilo lililomtisha Machibya kuliko yote: hawakuwa na wazimu. Walikuwa wakifanya kazi, kwa zamu, kwa niaba yake.

Mama mmoja alimletea kikombe cha maji na kigoda. "Kaa, bhabha. Umeumizwa."

Alikaa. Akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Inatosha," alisema. "Jamani, inatosha. Mwacheni."

"Wazee wana huruma," alisema mtu nyuma yake, na wengine wakaafiki kwa upendo. Mmoja alimpangusa vumbi begani.

Ndipo alipoelewa kwamba njia ya kumtoa Dastan pale ilikuwa moja tu, kusema kwamba mwano ulikuwa wa uongo, na anayesema hivyo anachukua nafasi ya yule aliye chini. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa na mifupa ya miaka sitini na tisa. Akakiinua kikombe, akanywa. Alikunywa taratibu, mpaka tone la mwisho, na muda wote huo fimbo zilikuwa zinatua, na alizisikia zote.

Aliposhusha kikombe, jicho moja la Dastan halikuwa jicho tena. Mtu alikuwa ameinamia pikipiki, anachomoa mpira wa mafuta, na petroli ilikuwa inatiririka ndani ya kidumu.

"Hajaiba!" Machibya alisimama. "Mimi sina mbuzi! Nilipiga mwano kwa hasira!"

"Kaa, guku," alisema Ngeleja bila kugeuka. "Anaogopa damu," aliwaeleza wenzake. "Mpelekeni kivulini."

Hawakumwamini. Mvi zake na uso wake uliopasuka vilimtetea kuliko alivyotaka. Mwenye kidumu alishaanza kuja. Machibya aliichomoa pampu ya chuma kwenye fremu ya baiskeli, akapiga hatua mbili, na kumpiga nayo Ngeleja kichwani, juu ya sikio, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Jitu lile lilianguka magoti. Watu wote wakageuka.

"Mwano ni wangu!" alipiga kelele. "Wa uongo! Nimewachezea nyote! Mmempiga mtu bure kama wajinga!"

Sasa walimwamini. Walimjia wote kwa pamoja. Pigo la kwanza lilimkuta tumboni, la pili likamlaza. Alifunika kichwa kwa mikono, kwa hiyo mikono ndiyo iliyolipa: alisikia vidole vikivunjika, vya kulia kwanza, halafu vya kushoto, na kiwiko baadaye. Mama yule wa maji alikuwa miongoni mwao. Alimtambua kwa kanga, anapiga kwa kigoda kilekile. Wengine waliigeukia baiskeli, wakaiponda kwa jiwe mpaka fremu ikajifunga kama mkasi. Machibya hakuomba msamaha, kwa sababu kila alipofungua mdomo uliingia mchanga.

Aliyewasimamisha ni Ngeleja. Alikuwa amekaa chini, damu inamtiririka shingoni, na alisema kwa sauti yake ileile ya pole, "Acheni. Acheni, nasema. Kidumu hicho kimwagwe." Kisha akatambaa hadi kwa Dastan, akaingiza vidole mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyolowa. Aliisoma kwa muda mrefu, jina kwa jina, mbuzi kwa mbuzi. Alipomaliza alijifunika uso kwa karatasi hiyo na kulia, mtu mzima yule, mbele ya watu wake.

Lori la pamba liliwabeba Machibya na Dastan hadi hospitali Bariadi, wamelazwa juu ya magunia.

Waliwekwa vitanda vya jirani. Dastan alifungwa taya kwa waya, akakatwa mguu chini ya goti siku ya pili, na jicho halikuokolewa. Machibya alikuwa na plasta mikono yote, kutoka kwapani hadi kwenye kucha, na mbavu nne zilizopasuka. Nancy alipigiwa simu. Alikuwa anasubiri treni Tabora. Mgonjwa huhudumiwa na ndugu, na Machibya pale hakuwa na ndugu.

Mke wa Dastan aliitwa Mektilda, mkulima wa mpunga, mwembamba, asiyesema sana. Watu wa lori walikuwa wamemsimulia walichokiona kwa mbali: mzee mmoja kampiga kamanda, kamwokoa mumeo, kapigwa yeye. Hayo tu ndiyo aliyoyajua. Kila asubuhi alimpa mumewe uji mwepesi kwa mrija, kisha akavuta stuli hadi kitanda cha pili, akamlisha Machibya kijiko kwa kijiko, akikipoza kila kimoja kwa pumzi yake. Alimwita baba. Siku ya pili alimwosha miguu. Alimwambia kwamba wanawe watamtaja kwenye sala.

Dastan aliyatazama hayo kwa jicho lake moja. Hakuweza kusema, na hakuweza kuandika kwa vidole vile. Alitazama tu. Machibya hakulala.

Siku ya tatu asubuhi aligeuza uso, akakikataa kijiko.

"Mayu," alisema, yaani mama, "mwano niliupiga mimi."

Kijiko kilibaki hewani.

"Mume wako hakuiba kitu. Aliniangusha nikiwa kwenye baiskeli, akanitukana, nikakasirika. Waliponiuliza kama ndiye, nikasema ndiye."

Mektilda alitazama kitanda cha mumewe. Dastan alifumba jicho lake, polepole, akalifumbua. Ilitosha.

"Ulijua watampiga?" aliuliza.

"Nilijua. Sikujua watafika pale."

"Na walipofika pale?"

Angeweza kuacha jambo hilo. Hakuna mtu aliyeliona isipokuwa yeye. "Niliogopa," alisema. "Nililetewa maji. Nikanywa kwanza, nikayamaliza, ndipo nikasimama."

Mwanamke aliweka bakuli sakafuni. Alitoka. Mchana ukapita bila yeye, na Machibya akaona ni haki, akamwomba Mungu mwanamke yule asirudi, maana hakujua atamtazama vipi.

Jioni alirudi na chupa ya uji. Alimlisha mumewe, akampangusa kidevu, akamkunjia shuka. Kisha akaisukuma stuli kwa mguu mpaka ikagonga kitanda cha Machibya, akaketi, akamimina uji bakulini.

"Fumbua mdomo."

"Mayu, sistahili..."

"Sijakuuliza unastahili nini." Sauti yake haikupanda. "Binti yako anafika kesho kutwa. Akifika, nisikuone tena katika maisha yangu, wala kanisani, wala msibani. Lakini mpaka afike utakula. Mimi sitakaa nikamwangalia mtu anakufa mbele yangu nikiwa na kikombe mkononi. Mimi siyo wewe. Fumbua."

Machibya alifumbua mdomo. Uji ulikuwa wa moto, na safari hii Mektilda hakuupoza. Machozi yalimtoka mzee, akameza, na kabla hajamaliza kumeza, kijiko kingine kilikuwa kimeshafika.